Mwongozo kamili: jinsi ya kuchagua shirika la ndege za ndani ukiwa nchi ya watu

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu yuko safarini nchi ya watu, anataka kutoka mji aliotua aende mji mwingine, anafungua apu, anapanga matokeo kuanzia bei ya chini, anakata tiketi ya kwanza pale juu, afu ndo anakuja kuuliza "hivi hili shirika likoje?" Sasa nikujibu nini na hela ishatoka.

Mpangilio wa humu ndani ni wa makusudi. Bei iko hatua ya 6, haiko ya 1. Usiruke.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Pasipoti yenyewe mkononi, maana majina utayanakili kutoka kule, hutayaandika kwa mazoea.
- Uzito halisi wa begi lako, umepimwa kwenye mzani. "Kama kilo 18 hivi" siyo uzito.
- Kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni ya nje, pamoja na laini ya simu itakayopokea ile meseji ya namba ya uthibitisho ukiwa huko ulikoenda. Wengi wanakwama hapa: kadi ina hela, meseji inaenda kwenye laini iliyobaki kwenye droo nyumbani.
- Tarehe na saa za ndege zako za kimataifa, ya kuingia na ya kutoka.
- Siku moja ya akiba kwenye ratiba, isiyo na mpango wowote.
- Karatasi, au noti kwenye simu, yenye safu hizi: shirika, uwanja wa kuondokea, idadi ya ndege kwa siku, saa, bei kamili, maoni.

Karatasi mnaidharau sana, lakini bila karatasi unabaki na tabo 14 kwenye simu na mwisho wa siku unakata kwa uchovu tu.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli unahitaji ndege

Ndege ya saa 1 siyo safari ya saa 1. Jumlisha kutoka hotelini hadi uwanjani, kufika mapema, foleni ya usalama, kusubiri begi, afu usafiri wa kuingia mjini upande wa pili. Kwa kawaida inakuwa saa 4 au 5, na mara nyingi zaidi ya hapo.

Ndo maana nchi zenye treni za kasi ndege inashindwa vibaya kwenye umbali wa kati. Tokyo hadi Osaka treni inachukua kama saa 2 na nusu, tena inakushusha mjini. Beijing hadi Shanghai ni kama saa 4 na nusu kwa zile za haraka. Ufaransa wao walienda mbali zaidi, mwaka 2023 wakapiga marufuku ndege za ndani kwenye njia ambazo treni inamaliza chini ya saa 2 na nusu, kwa hiyo Paris Orly kwenda Lyon, Nantes au Bordeaux usihangaike kutafuta.

Ukimaliza vizuri: una njia 1 au 2 tu ambazo ndege ndo jibu, na unaweza kusema kwa nini.

## Hatua ya 2: Tafuta mashirika yote ya njia hiyo, siyo yale apu iliyokuonyesha

Apu za kulinganisha bei hazionyeshi kila shirika. Mengine hayajaingia kwenye mifumo yao, mengine yanauza kwenye tovuti zao tu, hasa madogo ya visiwani na milimani. Ukianzia kwenye apu unachagua kutoka kwenye nusu ya soko bila kujua.

Fanya hivi. Fungua ukurasa wa Wikipedia wa uwanja unaotaka kutua (siyo unaotokea, unaotaka kutua, kwa sababu wa kule ni mdogo na orodha yake ni fupi). Kuna jedwali la mashirika na miji yanakoenda. Andika yote yanayogusa njia yako. Kisha nenda tovuti ya uwanja wenyewe uangalie ndege zinazotua leo na kesho, maana Wikipedia huwa inachelewa kufuta shirika lililoacha njia.

Unapoandika majina angalia ukoo. Indonesia kwa mfano Lion Air, Batik Air na Wings Air ni kundi moja, na Citilink ni wa nyumba moja na Garuda. Majina tofauti, sheria za mizigo tofauti, ndege tofauti, lakini mwenye mali mmoja. Hili lina maana mbili: likitokea tatizo kundi linaweza kukuhamishia kwa ndugu yake, ila pia usijidanganye kwamba una machaguo 3 wakati una 1.

Na soma maandishi madogo yale ya "inaendeshwa na". Unaweza kununua kwa jina kubwa ukapanda ndege ya shirika lingine kabisa, na uwanjani mizigo inapimwa kwa sheria za yule anayerusha.

Ukimaliza vizuri: una majina kati ya 2 na 6. Ukipata 1 tu basi kazi imeisha kwenye jina, nenda hatua ya 3 ukasome tu usalama wake, afu nguvu zote ziende hatua ya 5 na 7.

## Hatua ya 3: Chujio la usalama

Hapa watu huwa wanaenda pembe mbili, kuna asiyeangalia kabisa na kuna anayesoma habari za ajali usiku kucha mpaka haendi tena. Dakika 20 zinatosha, kwa mpangilio huu.

Kwanza, orodha ya Umoja wa Ulaya. Ulaya ina orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga lake, ilianza mwaka 2006, inasasishwa kila baada ya miezi kadhaa na kila mtu anaweza kuisoma bure. Hata kama huendi Ulaya itakusaidia, kwa sababu mara nyingi kinachofungiwa siyo shirika moja bali usimamizi wa nchi nzima. Mashirika yote ya Nepal yaliingizwa Desemba 2013 na zaidi ya miaka 10 baadaye bado yalikuwemo. Indonesia iliingizwa yote 2007, ikatolewa kidogo kidogo mpaka ikasafishwa kabisa Juni 2018. Kwa hiyo angalia tarehe, usiishi na habari ya zamani uliyosikia kwa mtu.

Pili, IOSA. Ni ukaguzi wa usalama wa IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani) ulioanza 2003, na wenye cheti wako kwenye rejista ya wazi mtandaoni. Shirika likiwemo ni dalili nzuri. Lisipokuwemo usikimbilie kulihukumu, ukaguzi huo ni kwa wenye ndege za uzito wa juu ya kilo 5,700, na shirika linalorusha vindege vya watu 19 kama Twin Otter haliwezi kuwemo hata likiwa safi vipi.

Tatu, historia. Hifadhidata ya Aviation Safety Network ina ajali kwa shirika na kwa nchi. Usihesabu ajali tu, shirika kubwa linaloruka mara elfu kwa siku litakuwa na matukio mengi kuliko la ndege 3. Tafuta mfululizo: matukio ya aina ile ile yakijirudia ndani ya miaka michache. Hiyo ndo inaniogopesha mimi, ajali moja ya miaka 20 iliyopita hainiogopeshi.

Onyo: usipime usalama kwa injini. Ndege ya mapangaboi kama ATR 72 siyo "ya kizamani", ni ndege ya njia fupi na viwanja vifupi, na visiwa vingi haviwezi kupokea kitu kingine.

Soma na bima yako ya safari pia. Baadhi ya bima zina kifungu kuhusu mashirika yaliyofungiwa, na ni bora ukijue ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Ukimaliza vizuri: kila jina lina alama ya "napanda" au "sipandi". Yaliyoandikwa "sipandi" yafute kabisa, yasikurudie kwenye hatua ya bei kukutongoza.

## Hatua ya 4: Uwanja gani hasa

Hii hatua ni fupi lakini kuiruka kumeshafanya watu wengi sana waachwe na ndege. Miji mikubwa ina viwanja zaidi ya kimoja na ndege za ndani mara nyingi hazitumii kile ulichotua.

Bangkok: ukija na ndege ya kimataifa pengine umetua Suvarnabhumi (BKK), wakati mashirika ya bei nafuu mengi yanaondokea Don Mueang (DMK), upande mwingine wa mji. Istanbul: IST iko upande wa Ulaya, Sabiha Gökçen (SAW), nyumbani kwa shirika la Pegasus, iko upande wa Asia. Buenos Aires ndege za ndani nyingi ni Aeroparque (AEP) siyo Ezeiza (EZE). São Paulo ndo balaa, kuna Guarulhos (GRU), kuna Congonhas (CGH) katikati ya mji, na kuna Viracopos (VCP) ambako ndo kambi kuu ya shirika la Azul, ila VCP iko Campinas, karibu kilomita 100 kutoka São Paulo, na apu inakuandikia "São Paulo" bila aibu.

Soma herufi 3 za uwanja, usisome jina la mji. Na uangalie kama uwanja unabadilika kwa msimu. Ndege za kwenda Lukla, mji mdogo wa milimani kule Nepal, ni mfano mzuri, msimu wa watalii ndege nyingi haziondokei Kathmandu, zinaondokea Ramechhap, na kufika Ramechhap ni gari saa 4 hadi 5, yaani unaamka usiku wa manane ili uwahi ndege ya "dakika 20".

Ukimaliza vizuri: kila shirika lina herufi 3 za kuondokea na 3 za kutua, na umeshaangalia kwenye ramani umbali hadi kitandani kwako.

## Hatua ya 5: Hesabu ndege kwa siku (hatua nzito kuliko zote)

Kama utasoma hatua moja tu humu, soma hii.

Shirika la kuchagua ni lile ambalo ndege yako ikifutwa lina nyingine ya kukupakia siku hiyo hiyo. Basi. Kiti kipana, chai, jina kubwa, vyote vinakuja baadaye. Ndege za ndani zinafutwa na kuahirishwa, hilo halina ubishi, na shirika lenye ndege 8 kwa siku kwenye njia yako likifuta moja watakusogeza mbele saa 2, lenye ndege 3 kwa wiki likifuta moja wewe unalala huko siku 2 na mpango wako wote umekufa.

Mimi haya nilijifunza kwa kuumia. Nilikata shirika dogo, bei karibu nusu ya jingine, ndege za Jumanne na Ijumaa. Ya Ijumaa ikafutwa, dada wa kaunta akaniambia kwa upole kabisa "utaenda Jumanne". Nikanunua tiketi mpya ya shirika lile lile nililolikwepa, kwa bei ya siku ile ile, na hapo nikawa nimelipa zaidi ya mara mbili. Shirika halikunidanganya hata kidogo, ratiba ilikuwa wazi, mimi ndo sikuhesabu.

Sasa jinsi ya kuhesabu. Chukua siku yako ya kusafiri, weka kwenye tovuti ya kila shirika, andika ndege zote za moja kwa moja. Rudia kwa siku inayofuata. Kisha chukua namba ya ndege (kwa kawaida herufi 2 na tarakimu) uiweke kwenye tovuti ya Flightradar24, utaona siku chache zilizopita iliondoka saa ngapi kweli. Ndege iliyopangwa saa 8 mchana ikawa inaondoka saa 10 siku 5 kati ya 7, hiyo ratiba ni ya kuchapishwa tu.

Chagua ya asubuhi, na ikiwezekana ya kwanza. Sababu iko hivi: ndege moja inafanya mizunguko 5 au 6 kwa siku, kila mzunguko ukichelewa dakika 20 wa mwisho unabeba deni la wote. Ya kwanza kwa kawaida imelala pale pale uwanjani. Halafu kuna hali ya hewa, ukanda wa joto radi zinajikusanya mchana, na milimani upepo unaamka kadri jua linavyopanda, njia ya kurukia ya Lukla ina urefu wa mita 527 hivi na imeinama, hakuna rubani wa kucheza na upepo pale, kwa hiyo asubuhi ikipita siku imeisha.

Tahadhari ya saa, na hii ni yetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: tiketi inaandika 06:10, hiyo ni saa 12 na dakika 10 asubuhi. Na mbaya kuliko zote ni 00:30 ya tarehe 12. Hiyo unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 11! Watu wanakuja usiku wa tarehe 12 na begi lao safi kabisa, ndege ilishaondoka usiku uliopita. Nchi nyingine zinaandika mwezi kabla ya siku pia, 05/06 ya Marekani ni tarehe 6 Mei.

Ukimaliza vizuri: safu ya idadi ya ndege imejaa, na kuna jina moja au mawili yameshaanza kujitenga juu bila hata kuona bei.

## Hatua ya 6: Sasa ndo bei, bei kamili

Bei unayoionyeshwa mwanzo ni bei ya mwili wako na mkoba. Tengeneza bei kamili kwa kila shirika lililobaki: nauli, begi la chini (lile linaloenda tumboni mwa ndege), begi la juu (la mkononi) kama linalipiwa, kiti, gharama ya kulipa kwa kadi, ada ya kuchekini uwanjani kama wanatoza, na usafiri wa kwenda uwanja ule (ndo maana tulifanya hatua ya 4 kwanza).

Mfano kwa namba tupu. Shirika A linasema 100, B linasema 140. Ukiweka begi la kilo 20, A inaongeza 35, kiti 8, kadi 4, teksi ya uwanja wa mbali 25. A imekuwa 172. B begi limo, kiti kimo, uwanja uko karibu, teksi 10. B ni 150. Siyo kila mara inageuka hivi, mara nyingine A inabaki chini kabisa na hapo nenda na A, lakini fanya hesabu.

Mambo ya mizigo yanayoumiza:

- Begi la chini nunua wakati wa kukata tiketi au mtandaoni kabla ya siku. Uwanjani linaweza kuwa mara mbili au zaidi, na getini ndo kabisa.
- Begi la mkononi kwenye mashirika mengi ya bei nafuu ni kilo 7, na wanapima kweli. Begi tupu lenye magurudumu peke yake linaweza kula karibu kilo 3 hapo.
- Vindege vidogo vinataka begi laini lisilo na fremu, kilo chache, na wanaweza kukupima hata wewe mwenyewe. Usione aibu, wanapanga mizani ya ndege.
- Pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, haishuki chini kamwe. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, ile ya 20,000 mAh ni kama 74 kwa hiyo iko salama. China kuanzia 28 Juni 2025 ndege za ndani haziruhusu pawabenki isiyo na alama yao ya uthibitisho ya 3C, kwa hiyo hata ikiwa ndogo wataichukua.

Na usishangae ukikuta nauli ya mgeni. Nepal kwa mfano raia wa kigeni analipa zaidi ya mwenyeji kwenye ndege za ndani. Ukiona tovuti ina kisanduku cha uraia, jaza ukweli, ukijifanya mwenyeji ili upate bei ndogo utakwama getini wakiona pasipoti.

Ukimaliza vizuri: namba moja kwa kila shirika, zote kwa sarafu moja.

## Hatua ya 7: Iunganishe na ndege yako ya kimataifa bila kujichinja

Kuna tofauti kubwa kati ya tiketi 1 na tiketi 2. Ndege ya ndani ikiwa kwenye tiketi moja na ya kimataifa, ukichelewa ni tatizo lao kukufikisha, na Mkataba wa Montreal wa 1999 unakuhesabia safari yote kama ya kimataifa pamoja na kile kipande cha ndani, hata kuhusu mzigo uliopotea. Ukikata peke yake kwenye shirika lingine, ile ya ndani iko chini ya sheria za nchi ile tu, na yule wa kimataifa hana habari na wewe. Umechelewa, umeachwa, nunua nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kukata tofauti, mwulize aliyekuuzia ya kimataifa kuongeza mji mmoja ni kiasi gani. Mara nyingine tofauti ni ndogo kuliko begi la kilo 20.

Kama lazima iwe tofauti: ukiingia nchini, acha saa 5 au 6, maana kuna uhamiaji, begi, forodha, pengine na kuhama uwanja. Marekani kwa kawaida unachukua begi lako kwenye uwanja wa kwanza kuingia hata kama lina lebo ya hadi mwisho, unapita nalo forodha afu unalirudisha. Ukiwa unatoka nchini, rudi kwenye mji wa ndege ya kimataifa siku moja kabla. Siyo asubuhi ya siku hiyo, siku moja kabla. Ile siku ya akiba niliyosema mwanzo matumizi yake ndo haya.

## Hatua ya 8: Kukata tiketi

Kata kwenye tovuti au apu ya shirika lenyewe. Ajenti wa mtandaoni anaweza kuwa chini kidogo, ila siku ndege ikifutwa shirika linakwambia ongea na ajenti, ajenti anakwambia ongea na shirika, na wewe uko katikati na salio la simu linaisha.

Majina: nakili kutoka mistari miwili ya chini ya pasipoti, ile yenye alama za <<<. Kwenye mstari wa juu wa hiyo miwili, ukiacha P< na herufi 3 za nchi, kilichotangulia << mbili ni jina la ukoo, vinavyofuata ni majina mengine. Kama pasipoti ina majina matatu weka matatu. Kama ina jina moja tu tafuta maelekezo ya shirika husika, wengine wanarudia jina lile lile mara mbili.

Tovuti ikigoma: badilisha lugha iende ya kimataifa, au toleo la nchi nyingine. Tovuti nyingi za Brazil zinauliza CPF, namba ya mlipa kodi ambayo mgeni hana, tafuta chaguo la pasipoti au pitia apu ya lugha nyingine. Ikishindikana kabisa, hapo ndo nakubali uende kwa ajenti, au ofisi yao ukiwa huko.

Kwenye malipo wakikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya nchi ile, chagua ya nchi ile, kubadilisha waachie benki yako. Lipia kwa kadi ili kama shirika likifa uweze kudai kupitia benki. Na yanakufa kweli: Jet Airways ya India ilisimama Aprili 2019, Flybe ya Uingereza Januari 2023, Go First ya India Mei 2023, Bonza ya Australia Aprili 2024, zote watu wakiwa na tiketi mkononi. Ukisoma habari kwamba shirika limenyang'anywa ndege na wakodishaji au wafanyakazi hawajalipwa, usinunue tiketi ya miezi 6 mbele.

Onyo la mwisho hapa: ukinunua kwenda na kurudi usiache kupanda ile ya kwenda. Mashirika mengi yakiona hukupanda kipande cha kwanza yanafuta vilivyobaki bila kukuuliza. Kwa ndege za ndani mimi hupenda tiketi mbili za upande mmoja, bei mara nyingi haitofautiani.

Ukimaliza vizuri: una namba ya kumbukumbu yenye herufi na tarakimu 6 na, muhimu zaidi, ukiiweka kwenye tovuti ya shirika pamoja na jina la ukoo safari yako inatokea. Isipotokea huna tiketi, una risiti. Piga simu siku hiyo hiyo. Jina likiwa na kosa rekebisha siku hiyo hiyo pia. Marekani shirika linatakiwa kukupa saa 24 za kughairi bila adhabu ukiwa umekata kwao siku 7 au zaidi kabla ya safari.

## Hatua ya 9: Kuanzia hapo hadi upande

Fungua safari yako kwenye tovuti mara moja kwa wiki. Ratiba za ndani zinasogezwa sana na imeili ya taarifa inaangukia kwenye takataka. Wakikusogeza kwa saa nyingi, kwa kawaida una haki ya kubadilishiwa au kurudishiwa hela, ila usibonyeze "nakubali" kwanza, ukikubali umekubali.

Chekini mtandaoni ikifunguka, boding pasi ipigie skrini shoti, maana intaneti ya uwanjani huwa inakufa ukifika kaunta.

Ikifutwa mkiwa uwanjani, fanya vitu viwili kwa pamoja: panga foleni ya kaunta huku apu yao iko wazi unajibadilishia mwenyewe. Mara nyingi apu inakuwahi, na viti vya ndege inayofuata vinagombaniwa na watu 150. Taja mwenyewe namba ya ndege unayoitaka (ile karatasi yako ya hatua ya 5 iko wapi?), usiseme "nisaidieni".

Omba maandishi au ujumbe unaosema sababu ya kufutwa. Kwa Umoja wa Ulaya kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inahusu hata ndege za ndani ya nchi moja, umbali hadi kilomita 1,500 fidia ni euro 250 ukifika umechelewa saa 3 au zaidi, au ndege ikifutwa bila taarifa ya siku 14, ila hali mbaya ya hewa na mambo yaliyo nje ya uwezo wao hayalipwi, chakula, pa kulala, na ikifutwa kurudishiwa hela au kupewa ndege nyingine, hivyo ndo vinabaki haki yako. Marekani ndege ya ndani ikifutwa au ikisogezwa saa 3 au zaidi na wewe hutaki tena kusafiri, wanakurudishia hela, siyo vocha. Nchi nyingine zina zao, tafuta jina la mamlaka ya anga ya nchi unayoenda na neno "haki za abiria", soma dakika 10 kabla ya kusafiri, hifadhi ukurasa kwenye simu ili usihitaji intaneti kubishana.